Je, Saada Alikuwa na Hiari?

Mtaje Fumo Liyongo hapa Kona ya Musa na hata vijana wa boda watakusimulia: jabari aliyewatia hofu watu wa Pate, hadhuriki kwa mshale, akaja kuuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Wapenzi wa mashairi nao watakutajia gungu. Mimi huulizia Saada.

Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unaye. Liyongo yuko gerezani, Sultani wa Pate anataka afe. Kijakazi Saada anampelekea chakula, askari wanakula kile kizuri. Basi Liyongo anatuma ujumbe kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, yaani pumba, ndani atie tupa. Askari wanaudharau mkate ule, unapita. Usiku gungu linarindima nje, ndani minyororo inakatwa.

Tunasifu akili ya Liyongo. Sawa, wimbo ni wake, na mkate ni wa mama. Lakini aliyepita mlangoni na chuma ni msichana ambaye hata mwili wake haukuwa wake. Liyongo alishahukumiwa tayari. Saada angekamatwa, hukumu yake ingeanzia pale.

Kuna watakaosema: mtumwa alitumwa akaenda, sifa za nini? Hoja hii hunikera. Amri inaweza kukupeleka mpaka mlangoni, lakini haikukazii uso mbele ya askari. Na angeweza kuchongea. Neno moja kwa Sultani, pengine angepewa uhuru wake.

Ila kumwita shujaa haraka haraka nako kuna ujanja. Tunampa sifa ili tusiulize kwa nini alipelekwa yeye.

Uingereza, mshairi na bwana mkubwa Philip Sidney alifariki 1586 kwa jeraha la vita, ameshatafsiri Zaburi 43. Dada yake Mary akamalizia 107 zilizobaki. Twajua alichofanya Mary kwa sababu alikuwa na kalamu na cheo. Saada alikuwa na sahani.

Diani leo pia siri za wenye nazo hubebwa na wa mshahara mdogo. Dada wa kazi anaambiwa, "Wakiuliza, sema sipo," kumbe wanaouliza ni polisi. Bosi ana wakili. Muulize dada kama alikubali, atakwambia alitumwa tu. Muulize tena siku bosi amesafiri, nyumba iko kimya, huenda ukasikia jibu jingine.