Plasta ya Nne

Ukuta wa nyuma wa kanisa letu hapa Mbagala umeanza tena kumumunyuka kwa chini. Chumvi imepanda, rangi imebanduka, ukiukwaruza kwa kidole mchanga unamwagika kama unga. Tumeshaupiga plasta mara tatu. Wazee wa kanisa wanaomba ya nne, kabla ya sikukuu.

Fundi wetu, kijana wa kwaya, alitikisa kichwa. "Baba Mchungaji, ugonjwa uko ndani ya tofali. Saruji waliibania."

Kisha akanipa habari ya majivu. Majivu laini ya makaa ya mawe, yale yanayonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme, ukiyakoroga na kostiki soda na silikati ya sodiamu hushikamana kuwa jiwe, bila saruji hata kijiko. Mfaransa Joseph Davidovits aliliita jiopolima, miaka ya 1970. Kwa kuwa lina kalisi kidogo, asidi inayozaliwa kwenye mashimo ya vyoo na kuitafuna saruji hailiwezi kwa urahisi. Sisi wa Mbagala tunayajua mashimo hayo, tena kwa harufu.

Tatizo ni kuyapata majivu yenyewe. Umeme wetu ni wa maji na gesi. Makaa ya Mbinga yakichomwa kwenye tanuri la saruji, majivu yake humezwa humo humo. Nami nikauliza kizee: jiopolima limeshajaribiwa miaka mingapi? Akanijibu, nusu karne hivi.

Lakini pale Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa karne kama tano zilizopita, yaliyojengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe. Chokaa ile haikuwa na haraka. Ilivuta hewa ya ukaa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, ikarudi kuwa jiwe lilelile lililochomwa. Leo, kilimani Wazo, si mbali na hapo, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi kama 1,450 ili tupate saruji ya kukauka upesi, tukapige plasta kabla ya sikukuu.

Ezekieli, sura ya 13, anausema ukuta dhaifu uliopakwa chokaa ukapendeza, mpaka mvua ikaja na msingi ukaonekana. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi nikiwawaza manabii wa mabango ya barabarani. Juma hili imenigeukia. Mwaka jana mume na mke walikuja ofisini kwangu wakiwa hawasemezani. Sikuuliza ugomvi ulianzia wapi. Niliwashikanisha mikono, nikaomba, nikatazama saa. Robo saa haikufika. Mama yule sasa anaishi kwa dada yake, na Jumapili hukaa benchi la mwisho, jirani na ukuta wetu wa nyuma.

Nimewaambia wazee hapana. Jumatatu saa moja asubuhi tunabandua plasta yote mpaka kwenye tofali. Mwenye patasi na nyundo aje nazo. Jioni ya siku hiyo nitakwenda kwa dada yake yule mama, kama watanifungulia.