Thumni Saba

Mama alipofariki alituachia sanduku la khanga. Hazikuwa mpya. Nyingi zilikuwa zimefuliwa hadi zikalainika, na kila moja tuliijua: hii alitubebea mgongoni, hii alivaa kwenye harusi ya kaka, ile alijitanda siku aliyotoka nyumbani kwenda hospitali asirudi. Mdogo wetu wa mwisho alipoposwa, tulikubaliana kumshonea mfarishi wa viraka kutokana na khanga hizo, aende kwa mumewe na kitu cha mama. Kazi nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa ndimi fundi cherehani wa familia.

Naandika haya ili mwingine asirudie nililolifanya.

Kitanda kilikuwa cha tano kwa sita. Nilipanga katikati yake likae pande moja kubwa la viraka vinane kwa vinane, jumla 64: nusu khanga, nusu marekani mpya niliyonunua dukani, vikipishana kama bao la drafti. Kila kiraka nilikikata inchi 4 na nusu. Robo inchi ikiingia kwenye mshono kila upande, safu ya viraka vinane yenye mishono saba inatakiwa itoke inchi 32 na nusu. Hesabu hiyo niliijua, lakini sikuirudia kwa futi kamba hata mara moja.

Harusi ilikuwa wiki tatu mbele. Nilijiambia: nimeshona magauni na suti miaka 15, viraka vitanishinda? Nikakunja khanga mara nne ili nikate upesi, nikapitisha mkasi.

Khanga ina pindo, ina mji na ina jina. Nilikuwa nimekusudia majina yote niyaache mazima, niyashone pembeni mwa mfarishi. Nilipokunjua, jina la khanga aliyoipenda mama kuliko zote, WEMA HAUOZI, lilikuwa limekatika katikati ya neno la pili. Nilikaa chini. Maji yakimwagika hayazoleki, na khanga iliyotoka dukani kabla hujazaliwa huendi kuinunua tena.

Hapo ndipo ningetulia. Badala yake niliongeza mwendo, kama mtu anayekimbia kosa lake mwenyewe.

Safu nne za kwanza nilizishonea nyumbani. Nne za mwisho nilizimalizia kwenye kibanda cha kazi, kwa cherehani nyingine. Kote nilifuata ukingo wa ule mguu unaobana kitambaa, nikaamini kwamba ukingo ni ukingo. Kumbe mguu wa cherehani ya pili ulikuwa mpana zaidi kwa nusu thumni ya inchi. Ni upana wa nyuzi chache tu, jicho halishtuki.

Nilipokuja kuunganisha safu ya nne na ya tano, pembe hazikukutana. Nikavuta. Nikabana kwa pini, nikavuta tena, nikalazimisha, nikapiga pasi juu yake huku naiburuza. Pande lote lilionekana limekaa. Kisha nikalifua nitoe chaki. Khanga za mama zilikuwa zimekwisha kuruka miaka mingi iliyopita, lakini ile marekani ilikuwa haijaonja maji. Ilipokauka ilikuwa imeruka, kila kiraka cha khanga kimefanya mikunjo, na pale katikati pamevimba kama andazi.

Zikiwa zimebaki siku mbili, nilimpelekea mama mmoja jirani, fundi wa siku nyingi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Lete nione.”

Hakutazama rangi wala urembo. Aligeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole juu ya mishono, akanyoosha futi kamba, akapima safu moja moja. Safu zangu za nyumbani zilizidi zile za kibandani kwa karibu inchi nzima.

“Kila mshono wa huku umekula thumni zaidi,” alisema. “Nusu upande huu, nusu upande ule. Una mishono saba. Thumni saba hizo. Huwezi kuzirudisha kwa kuvuta, mwanangu. Fumua.”

Tulifumua usiku kucha. Khanga zilizochakaa hazistahimili sindano mara mbili. Viraka kadhaa vilichanika mikononi mwetu. Vilivyosalimika vilitosha sita kwa sita, mfarishi wa kufunikia mtoto. Mdogo wangu aliondoka kwenda kwa mumewe bila kitu cha mama kitandani mwake. Hakunilaumu, na kutonilaumu kwake ndiko kunakoniuma hadi leo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikuwa nikidhani ni methali ya nyumba. Sasa najua ni ya mshono pia. Kosa la nusu thumni kwenye kiraka kimoja halina madhara; shida ni kwamba kazi ya viraka hurudia. Unachokikosea mara moja, unakikosea mara 50, na kila mara kinajumlishwa.

Basi wewe unayetaka kushona pande kubwa, kwanza fua vitambaa vyote, vipya na vikuukuu, vikauke, uvipige pasi kabla ya mkasi kugusa chochote. Shona kwa cherehani moja mwanzo hadi mwisho. Pasi ibonyeze na kuinua. Ukiiburuza, kitambaa huvutika kwa mshazari. Kila safu ikikamilika, ipime kabla hujaanza nyingine.

Na kabla ya yote hayo, kata vipande vitatu vyembamba vya kitambaa kisicho na thamani, kila kimoja upana wa inchi 1 na nusu. Viunganishe, uvipige pasi, kisha upime kile cha katikati. Kikitoka inchi moja kamili, mshono wako ni robo inchi ya kweli, endelea. Kikipungua hata kwa unywele, simama hapo hapo urekebishe. Ni kazi ya dakika kumi, na kitakachofumuliwa ni kitambaa cha kutupa, si khanga ya mama yako.