Kumuuguza mzazi: thawabu isiwe kisingizio cha kumnyima dada ujira

KATIKA familia zetu nyingi za mijini kuna jambo linalofanyika kimya kimya. Mzazi anapigwa na kiharusi, au uzee unamfikisha mahali hawezi tena kujihudumia. Watoto wanakaa kikao. Mmoja yuko Muscat, mwingine ana duka Kariakoo, mwingine ameajiriwa serikalini. Macho yote yanamgeukia mmoja, mara nyingi binti aliyeachika au asiyeolewa, kwa kuwa "hana kazi". Huyo ndiye atakayemgeuza mama kitandani usiku, kumwogesha, kumbadilisha nepi na kumtilia maji ya udhu. Biashara yake ya maandazi inakufa. Miaka ikipita akasema ana shida ya fedha, anajibiwa: "Wewe una bahati, pepo unayo mkononi."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na naona linatumika vibaya.

Hakuna Muislamu anayebishana juu ya haki ya wazazi. Katika Surat Bani Israil, aya ya 23, Allah (s.w) amekataza hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa nao wanapofikia uzee. Lakini aya ile inamhusu kila mwenye mzazi. Haikumtaja binti asiye na mume.

Wanaopinga ujira wana hoja yao. Wanasema ukiweka fedha kati ya mtoto na mzazi, umegeuza ibada kuwa kibarua. Na wapo mafaqihi wa madhehebu ya Hanafi waliosema kuwa baba akimwajiri mwanawe amhudumie, mkataba ule haufai, kwa sababu huduma hiyo tayari ni wajibu wa mwana. Hoja hii ni nzito. Ila tuitazame vizuri: wao walizungumzia mzazi kumlipa mwanawe, nami nazungumzia ndugu kumlipa ndugu yao. Ikiwa wajibu ni wa watoto wanne na mmoja anaubeba wote, basi robo tatu ya kazi anayoifanya ni ya wenzake. Huyu hauzi wajibu wake hata kidogo.

Je, ujira unaua mapenzi? Surat At-Talaq, aya ya 6, imeamuru kuwa mama aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto wao, apewe ujira wake. Mama, na mtoto wa tumbo lake! Na katika Surat An-Nisaa, pia aya ya 6, msimamizi wa mali ya yatima akiwa tajiri ametakiwa ajizuie, na akiwa fakiri ameruhusiwa kula kwa kiasi kinachokubalika. Kwa hiyo dada mwenye uwezo akisema hataki kitu, huo ni uungwana wake. Lakini kujizuia ni kwake mwenyewe, si kwa kaka zake kumzuilia.

Uingereza, ambako wapo Waswahili wenzetu wengi, dola yenyewe humlipa mtu anayemhudumia mgonjwa au mlemavu, hata akiwa mzazi wake, kwa masharti, likiwemo la kuhudumia angalau saa 35 kwa wiki. Malipo hayo yalianza mwaka 1976, na wanawake walioolewa walinyimwa hadi 1986, kwa dhana kwamba wangekuwa nyumbani tu. Kuanzia Aprili 2025 yalikuwa pauni 83.30 kwa wiki, yaani pungufu ya pauni mbili na nusu kwa saa. Hakuna anayetajirika kwa hayo. Kwetu dola hailipi, kwa hiyo mzigo unabaki kwa ndugu.

Dhulma hii huonekana wazi mzazi anapofariki. Mirathi inagawiwa, kaka mafungu mawili na dada moja. Hiyo ni hukumu ya Allah na hatuna neno. Tatizo ni akina mama ambao, kwa huruma, humwandikia nyumba binti aliyewauguza. Mtume (s.a.w) amekataza wasia kwa mrithi, na alikataa kuishuhudia zawadi ambayo baba yake Nu'man bin Bashir alimpa yeye peke yake kati ya watoto wake. Matokeo yake ni kesi, na ndugu hawazikani. Ujira wa kila mwezi unaotoka mifukoni mwa ndugu si wasia, si zawadi ya mzazi, wala haugusi mirathi.

Kiasi gani? Waulizane wangemlipa nani na kwa bei gani kama dada huyu asingekuwepo. Kisha waandike, mbele ya mashahidi, pamoja na siku zake za kupumzika, maana hata mfanyakazi wa ndani anazo. Na kaka anayeona kuwa fedha itaichafua ibada hii, nafasi ya kuifanya bure bado ipo: akate tiketi, achukue zamu ya Ramadhani nzima, usiku na mchana.