MWOSHA NAYE HUOSHWA

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mwaka 2020 hamjausahau. Mwezi wa Machi misikiti yetu ilifungwa. Na tarehe 6 Mei, tumo ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiliwa, haingii mtu wala hatoki. Hamali, mwuza kahawa, mama wa mahamri, riziki zao zilikatika kwa siku moja. Na palipotokea maiti wa maradhi yale, watu walirudi nyuma. Mimi niandikaye haya, niliyefundisha miaka mingi kwamba kuosha maiti ni faradhi kifaya, isipotendwa dhambi ni yetu sote, nilisimama nje ya mlango na miguu ikakataa. Namwomba Mola wangu msamaha.

Wakati huo huo, katika mji wa Karachi, Pakistani, walikuwako watu walioingia mlango ule. Ni watu wa jumuiya ya Edhi, iliyoanzishwa mwaka 1951 na marehemu Abdul Sattar Edhi, mtu asiye na mali wala cheo, kwa zahanati ndogo. Mwaka 1957, mafua makali yalipoenea ulimwenguni yakauingia mji ule, alipiga mahema akawahudumia wagonjwa. Mfanya biashara mmoja alipoiona kazi yake alimpa fedha, naye akanunua motokaa kuukuu ya kuchukulia wagonjwa. Motokaa ile moja ikazaa mamia. Mwenyewe alifariki mwaka 2016, lakini kazi haikufa naye. Korona ilipokuja, motokaa zilikuwa tayari na watu wake tayari, na maiti walioogopwa wakazikwa kwa heshima. Mwanawe, Faisal, aliyeishika kazi ya babake, alipatwa na maradhi hayo Aprili 2020, akapona.

Je, wenzetu wale wametuzidi imani? Hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini lililo dhahiri ni kuwa wametuzidi maandalio. Siwadharau vijana wetu waliochukua unga na mchele mlango kwa mlango, Mungu awalipe. Lakini sadaka isiyo na daftari humfikia mwenye sauti, ikampita mwenye haya. Nyumba moja ilipata mara tatu, na mjane wa pili yake akajifungia na njaa yake, akichelea kupigwa picha ameshika mfuko wa unga.

Wako wasemao kuwa maradhi ni kadari, basi kujiandaa kwa nini? Hao na wamkumbuke Sayyidna Umar, aliyerejea njiani alipoambiwa kuwa Sham imeingia tauni. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba aitokapo ni kadari, na aiendeapo ni kadari vile vile.

Basi kila mtaa yatupasa kutenda mambo matatu. Kwanza, tuchague waosha, waume kwa wake, wafundishwe na waganga namna ya kujikinga. Pili, watu wachache waaminifu wazijue nyumba za wahitaji, na siri yao waitunze. Tatu, tuweke hazina ya mchango mdogo wa kila mwezi, na hesabu yake isomwe mbele ya watu kila mwaka baada ya sala ya Ijumaa. Wala tusiseme hatuna fedha. Tunazimwaga kwa usiku mmoja wa arusi, na asubuhi twaamka na deni.

Wazee wetu walisema mwosha naye huoshwa. Lakini ataoshwa na nani, ikiwa sote tumesimama nje ya mlango? Maradhi mengine yatakuja, Mungu ndiye ajuaye lini. Tuingie kazini leo, tungali wazima.

Wabillahi tawfiq.