Dhima ya Muuza Silaha

Wapo wasemao kuwa silaha haina kosa, kosa ni la mkono ulioishika. Zamani neno hili lilikuwa na sura ya kweli. Mhunzi aliuza upanga sokoni, mnunuzi akaenda zake, na mhunzi asijue tena kama ulining'inia ukutani au uliua mtu. Hata hivyo mafakihi hawakumwacha huru. Kuuza silaha wakati wa fitina, Waislamu wakipigana wao kwa wao, baadhi yao walisema ni haramu na wengine makuruhu, kwani wakati huo muuzaji hana udhuru wa kutojua.

Sasa na tuitazame ndege ya vita isiyo na rubani. Marekani iliitumia kupiga Afghanistan mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa ikawa ni mali ya dola chache. Uturuki, ilipokosa kuuziwa, iliunda yake, Bayraktar TB2, yenye mabawa ya mita 12, ikaaye hewani saa 24 na zaidi. Mwaka 2020 ilipigana Libya na upande wa Azerbaijan. Mwaka 2021 ikafika Ethiopia. Huko majeshi ya Tigray yalikuwa yakielekea Addis Ababa, na ndege hizi, zilizotoka nchi zaidi ya moja, zilisaidia kuyarudisha nyuma. Januari 2022 wakapigwa watu waliokimbilia kambi ya Dedebit, wakafa zaidi ya 50.

Mtawala ambaye jana hakuwa na budi kuwabembeleza raia wampe vijana wao, au kusikizana na adui, leo anunua. Raia hana tena la kumnyima.

Ama muuzaji, yeye hakuuza upanga. Ndege hii yataka warushaji waliofundishwa, mitambo ya ardhini, vipuri, na makombora mapya kila yaishapo ya kwanza. Akiombwa makombora mengine baada ya habari za Dedebit, ataapa vipi kuwa hakujua?

Sisemi kila biashara hii ni dhuluma; Ukraine ilipovamiwa mwaka 2022 ilijitetea kwa TB2 hizo hizo. Lakini tarehe 19 Septemba 2025, mjini El Fasher, Sudan, ndege kama hizi ilipiga msikiti katika sala ya alfajiri, na waliouawa walizidi 70. Hiyo ndiyo fitina waliyoitaja mafakihi.

Huenda msomaji akasema: wasipouza hawa, watauza wengine. Hoja hiyo hata mgema tembo huitoa, wala hatumkubalii. Wanavyuoni wa nchi ziuzazo, nazo nyingine ni za Kiislamu, twangoja fatwa yao juu ya yale makombora ya pili.