Kodi ya Nyumba na Hiari ya Mwenye Shida

Miongoni mwa maswali ambayo watu huyapita upesi kwa kudhani kwamba yamekwisha jibiwa ni hili: je, mtu akilikubali sharti kwa kinywa chake mwenyewe, na akatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, anabakiwa na haki yoyote ya kulalamika? Wengi hujibu kwamba habakiwi nayo. Husema: mapatano ni mapatano, na aliyeridhika hakudhulumiwa. Hoja hii ina nguvu wala hatuidharau, kwani watu wasipotimiza mapatano yao hakuna soko wala ndoa itakayosimama. Lakini yatupasa tuipime mahali inapotumiwa kila siku, nako ni katika upangishaji wa vyumba mjini Dar es Salaam.

Desturi ya mji huo yajulikana. Mwenye kutafuta chumba huonyeshwa na dalali. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, au sita, au ya mwaka mzima, yote kwa mara moja kabla ya kutoa ufunguo. Na dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mtoto wa mwaka mmoja. Anauza chakula karibu na kituo cha basi, na akishatoa gharama za mkaa, mchele na mafuta humbakia shilingi 6,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 amepata shilingi 156,000 kwa mwezi. Chumba anachokitaka ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani kama robo ya pato lake, na mtu aweza kusema kwamba kodi hiyo haikupita kiasi. Lakini haombwi shilingi 40,000. Anaombwa 240,000 za miezi sita, na 40,000 za dalali, jumla 280,000. Nazo zakaribia pato lake lote la miezi miwili, kabla yeye hajala na mtoto hajanywa uji.

Basi uzito haupo katika kima cha kodi peke yake, bali upo katika namna ya kuidai, na jambo hili halitajwi sana. Mwaka 1868 Hermann Schwabe, mkuu wa ofisi ya takwimu ya mji wa Berlin, alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri mtu anavyozidi kuwa maskini ndivyo kodi ya nyumba inavyozidi kumeza sehemu kubwa ya pato lake. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1969 iliweka kikomo kwa wapangaji wa nyumba za umma, kwamba kodi yao isizidi robo ya pato. Mwaka 1981 kikomo hicho kikapandishwa hadi asilimia 30. Vipimo hivi ni vyema, lakini vyote hupima mwezi kwa mwezi. Mama wa mfano wetu angefaulu vizuri katika mtihani huo wa Marekani, na bado usiku wa leo hana pa kumlaza mtoto.

Sasa na tutazame ni nani anayemkopesha mwenzake. Mlinzi wa usiku, au mtumishi wa nyumbani, hufanya kazi siku 30 kwanza, kisha ndipo hulipwa. Maana yake ni kwamba amemkopesha tajiri wake kazi ya mwezi mzima. Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na sidhani kama ni wengi kati ya waajiri wetu wanaoweza kusimama mbele ya agizo hilo. Mtu huyo huyo akienda kupanga chumba hutakiwa alipie miezi ambayo haijafika, yaani amkopeshe na mwenye nyumba pia. Anamkopesha wa kwanza kwa kazi aliyokwisha ifanya, anamkopesha wa pili kwa usiku ambao bado hajalala, naye ndiye fukara kuliko wote watatu! Tena mkopo huo anaoutoa bila ya faida hana akiba ya kuutoa. Huutafuta katika mchezo wa akina mama wenzake, kama zamu yake imefika. Na kama haijafika, huenda kwa watoaji wa mikopo iitwayo kausha damu, jina ambalo halihitaji maelezo.

Huenda mtu akasema: hata umeme wa LUKU hulipiwa kabla ya kutumiwa, mbona hamlalamiki? Ni kweli hulipiwa kabla, lakini hununuliwa kidogo kidogo, kadiri ya mfuko wa mtu siku ile. Lau ingesemwa kwamba asiyenunua umeme wa miezi sita akae gizani, mji mzima ungepiga kelele.

Turudi kwenye swali la hiari. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitaja habari ya nahodha ambaye dhoruba ikimshika huitupa shehena baharini ili apate kuwaokoa watu. Je, ameitupa kwa hiari au kwa kulazimishwa? Hakuna mtu mwenye akili atupaye mali yake bure. Lakini katika dhoruba kila mwenye akili huitupa. Aristotle aliona kwamba tendo la namna hiyo limechanganyika, ingawa lipo karibu zaidi na hiari, kwa kuwa mtu amelichagua saa ile ile. Na tukubali kwamba mama yule naye amechagua. Lakini kuna tofauti moja ambayo haifai kusahauliwa: bahari haina nia, na mwenye nyumba anayo. Nahodha hawezi kuiambia bahari ipunguze mawimbi. Mpangaji anaongea na mtu, na mtu huyo anajua vizuri kwa nini sharti lake linakubaliwa.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu nao waliijadili biashara ya mtu aliyedharurika, anayeuza au kununua kwa sababu shida imembana, na baadhi yao wakaona kwamba mapatano yaweza kusihi na bado yakawa ya kuchukiza. Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Sahihi ya mpangaji yamfunga kulipa. Hilo halina shaka. Lakini haimtakasi aliyelitunga sharti.

Na mtoto mchanga ana nafasi ya pekee katika jambo hili. Kijana asiye na familia akikataa sharti la mwenye nyumba, aweza kulala kwa rafiki yake wiki mbili, akatafuta kwingine. Nguvu ya kukataa ndiyo roho ya kila mapatano. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja hana wiki mbili. Mbu, mvua na kikohozi cha mtoto vinamtia sahihi kabla hajashika kalamu. Zaidi ya hayo, madalali wengine humwuliza kwanza ana watoto wangapi, kwa kuwa mtoto hulia usiku, humwaga maji ukumbini, na choo ni kimoja kwa vyumba sita. Malalamiko haya si ya uongo; aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga anayajua. Marekani ilikataza kwa sheria ya mwaka 1988 kuwanyima watu nyumba kwa sababu ya kuwa na watoto, ila katika nyumba zilizotengwa kwa ajili ya wazee. Ama wale wanaosema kwamba asiye na nyumba asizae, hao hatutawajibu kwa urefu: mtoto amekwisha zaliwa, na yeye hakutia sahihi popote.

Mwenye nyumba ana hoja zake pia. Husema kwamba wapangaji hutoroka na deni, na kwamba kufuatilia kodi kila mwezi ni usumbufu. Lakini jirani zetu wa Nairobi kwa kawaida hulipa mwezi kwa mwezi, wakiweka na fedha ya dhamana ya kama mwezi mmoja, na nyumba za kupangisha hazijaacha kujengwa huko. Na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kodi haihitaji tena mtu kugonga milango.

Wengine hutaka serikali ndiyo ikate shauri. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005. Ghana imeweka tangu mwaka 1963 kwamba ni kosa kudai kodi ya zaidi ya miezi sita kwa mkupuo, na bado wapangaji wa Accra wamekuwa wakidaiwa ya mwaka mmoja au miwili. Sheria yafaa sana, lakini haiingii chumbani ambamo dalali na mpangaji wananong'onezana.

Limebaki jambo moja ambalo ni gumu kuliko yote, nalo ni la mwenye nyumba ambaye naye ni maskini. Wapo wajane wengi wenye vyumba viwili tu vya kupangisha, na hicho ndicho chakula chao. Masika yakija choo hujaa, gari la kunyonya hutaka fedha taslimu, na bati lililotoboka halingojei mwisho wa mwezi. Mjane huyu anapoomba ya miezi sita hasukumwi na tamaa. Hapa fukara wawili wanakopeshana, na hesabu ya jumla haiwezi kuwaamua. Lakini waweza kuelezana. Mjane akimwambia mpangaji kwamba Aprili ndipo anapobanwa, na mpangaji akamwambia kwamba zamu yake ya mchezo itaangukia Machi, basi wanaweza kupatana mwezi mmoja leo, mitatu mwezi Machi, na iliyosalia mmoja mmoja. Na mama akaingiza godoro lake jioni hiyo hiyo.