Mama wa Bweremana, Kamata Biki Uhesabu

Ndugu zangu wa Bweremana, fungueni Injili ya Yohana, sura ya 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kunakucha, Bwana aliyefufuka amesimama ufukoni, na wavu umejaa hadi hauvutiki. Habari ya wavu ule mmeihubiriwa mara nyingi. Leo nawaomba mtazame jambo dogo lililofuata: samaki walihesabiwa. Mwandishi hakuridhika kusema walikuwa wengi. Alisema 153. Watu wale walikuwa mbele ya Yesu aliyetoka kaburini, na bado kuna aliyeinama pale mchangani akahesabu samaki mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Muujiza haukuwaondolea kazi ya kuhesabu.

Nawaambia ninyi kwanza kwa sababu ninyi ni watu wa ziwa. Sambaza wenu wanashuka alfajiri, beseni juu ya beseni. Maharage, mihogo na ndizi vinateremka kutoka milima ya Masisi vikielekea Goma. Mikono ya Bweremana haijawahi kuwa mivivu! Lakini mwisho wa mwaka mama aliyeuza kila siku ya soko anakopa pesa za kumvalisha mtoto, na akiulizwa faida ilikwenda wapi, anajibu kwamba Mungu anajua. Mungu anajua, ndiyo. Anataka na wewe ujue.

Chukua biki tuhesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano, weka zako. Mama amenunua gunia la maharage kwa franga 180,000. Mtumbwi umechukua 9,000, wabebaji 4,000, ushuru wa soko 2,000. Gunia linapofika mezani pake limekwisha kumgharimu 195,000. Linatoa guigoz 80, yale makopo ya kupimia, naye anauza kila guigoz 2,500. Ukimwuliza, atakujibu: nilinunua 180,000, nimeuza 200,000, nimepata 20,000. Hapana, mama. Toa 195,000 kwenye 200,000, inabaki 5,000. Na hatujamaliza. Kila mnunuzi anadai matabisi, nawe unamwongezea kiganja. Viganja 20 vikijaza guigoz moja, basi katika kila guigoz 20 ulizouza umetoa nyingine moja bure, na gunia lako lina guigoz 76 za kuuza. Jioni unapeleka guigoz 2 nyumbani watoto wale, na wana haki ya kula. Zimebaki 74. Zidisha kwa 2,500: ni 185,000. Umepoteza franga 10,000, na siku nzima umekaa juani ukidhani unachuma!

Sasa geuza hesabu. Gawanya 195,000 kwa 74. Unapata 2,635 na kidogo. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake unawalisha wateja kwa mtaji wako. Ukiuza 2,700 unapata 199,800, yaani 4,800 juu ya mtaji, na watoto wamekula. Wateja wakikataa bei hiyo, punguza matabisi, au tafuta gunia la bei nafuu, au acha maharage uuze kitu kingine. Yote hayo ni maamuzi ya mtu anayejua alipo. Asiyejua hana la kuamua, anangoja tu mtaji uishe.

Mithali sura ya 11 inaanza kwa mizani ya udanganyifu, na inasema Bwana anaichukia. Tumezoea kumsomea mstari huo mwenye kubonyeza guigoz chini ili isijae, na tumsomee bila huruma. Lakini mimi naongeza: anayejidanganya mwenyewe kuhusu faida yake naye anashika mizani ya uongo, na wanaopunjwa ni wanawe.

Kisha kuna dola. Sisi tunanunua kwa dola na kuuza kwa franga, na kati ya hizo mbili ndipo mtaji mwingi unapozama. Mwaka 2015 dola moja ilipatikana kwa franga zisizofika 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Muuzaji akichukua nguo za dola 50 kwa deni wakati dola ni 2,300, anadaiwa 115,000. Akiziuza zote kwa 120,000 anafurahi. Siku ya kulipa anakuta kambisti anauza dola kwa 2,500, na dola 50 sasa ni 125,000. Wazee wenu wanajua uchungu huu. Waliona mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikigeuzwa kuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikigeuzwa kuwa franga moja. Aliyejua kugawanya alijua amebaki na nini. Asiyejua aliambiwa na mwenye duka. Basi kabla hujakubali deni la dola, uliza bei ya leo, iandike, na uweke nafasi ya kupanda kwake.

Na wewe unayekimbilia Banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali, nakusihi kwa machozi, keti kwanza. Katika Luka 14 Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kupiga gharama. Kuketi kunatangulia kujenga, kunatangulia na kukopa. Mkopeshaji anakwambia 20 kwa mia kila mwezi, na masikioni mwako 20 ni kidogo. Umechukua dola 100. Usipolipa kitu, mwezi wa kwanza ni 120, wa pili 144, wa tatu 172 na senti 80. Mwezi wa nne zimepita 207. Kwa miezi minne deni limekuwa mara mbili na zaidi, nawe ulikuwa unamtibu mgonjwa tu! Kuna dada waliouza shamba la mama yao kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mstari huu mmoja wa hesabu.

Bora AVEC. Mtindo huu wa vikundi vya akiba na mikopo ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili hela isitolewe gizani. Lakini kufuli hazikulindi siku ya kugawana kama huwezi kugawanya. Sanduku likiwa na franga 1,500,000 na hisa zote ni 600, kila hisa ni 2,500. Una hisa 40? Zako ni 100,000. Ukisomewa 90,000, simama mbele ya wote, useme kwa heshima: mwandishi, turudie. Mwandishi mwaminifu atafurahi kurudia.

Asilimia nayo haina uchawi. Kumi kwa mia ya 80,000: ondoa sifuri moja, ni 8,000. Tano kwa mia ni nusu yake, 4,000. Ishirini kwa mia ni mara mbili, 16,000. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafungwa, fedha za mkononi zikawa adimu, na wenye nazo wakakata asilimia yao kwa kila aliyetaka kutoa pesa zake za simu. Aliyejua kuondoa sifuri moja alijua anakatwa ngapi kabla hajabonyeza namba yake ya siri.

Hesabu hailindi mfuko tu, inalinda na uhai. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi lilitoka Minova, hapo jirani yenu, likazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Barabara ya Sake ilikuwa imezibwa na vita, watu wakabaki na ziwa tu. Boti lilikuwa la watu 80 hivi. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba lilibeba 278 na kwamba 78 wamekufa. Siwalaumu marehemu, waliokuwa wakitafuta chakula cha nyumbani. Nawalilia. Lakini ninyi mlio hai, mnapopanda, hesabuni vichwa, na mkiona vimezidi, shukeni na mizigo yenu, hata nauli ikipotea.

Mnaniambia: sisi hatukusoma. Shule ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019, wakati ninyi tayari mna watoto, na wengi wenu mlitolewa darasani na vita au na karo. Najua. Lakini hesabu ni mali yenu tangu zamani. Ishango, hapa hapa Kivu ya Kaskazini, kwenye mwambao wa Ziwa Edward, mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyochanjwa kwa safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wataalamu bado wanabishana mistari ile ilihesabu nini, lakini safu mbili zinajumlisha 60 kila moja, na ya tatu 48. Mfupa uko Brussels. Aliyeuchanja alikuwa mtu wa ziwa, na hakuwa na shule wala kaye.

Usiyejua kuandika, fanya kama yeye: chora mstari mmoja kwa kila guigoz uliyouza, na wa tano uukate mistari minne iliyotangulia. Deni lipewe alama yake, na chakula cha nyumbani alama yake. Usiku mwite mwanao wa darasa la nne akusaidie kujumlisha, wala usione aibu mbele yake.

Na wewe uliyemaliza darasa la sita, wewe mwalimu, wewe mweka hazina wa parokia, nakudai deni. Jumapili hii ibada ikiisha usikimbilie nyumbani. Waombe wazee wa kanisa wakuachie ubao na chaki kwa saa moja, waite akina mama wa soko wakae mbele, na uanze na gunia la maharage.